Quimby alikuwa fundi saa, si daktari

Umeuliza kama Phineas Quimby, yule mponyaji wa Marekani wa karne ya 19, alisomea udaktari. Hapana ndugu yangu, hata shule yenyewe aliipitia juujuu. Alizaliwa 1802 Lebanon, New Hampshire, baba yake mhunzi, akakulia Belfast (ile ya Maine, Marekani, si ya Ireland), na riziki yake ilikuwa kutengeneza saa.

Mwishoni mwa miaka ya 1830 Mfaransa Charles Poyen alipita huko akihubiri mesmerizimu, yaani kumtia mtu usingizi kwa nguvu ya mwenzake. Quimby akanasa. Akampata kijana Lucius Burkmar, ambaye akishatiwa usingizi huo anataja ugonjwa wa mtu na dawa yake. Kwangu mimi hapa ndipo penye utamu: badala ya kujisifu kwa muujiza, Quimby akaona watu wanapona hata kwa vidawa vya hovyo, akashuku kwamba kinachoponya ni imani ya mgonjwa mwenyewe. Akaachana na usingizi. Kuanzia hapo alikaa tu na mgonjwa na kuzungumza naye, akimweleza kwamba ugonjwa umejengwa na fikra potofu.

Mwaka 1859 alihamia Portland, hukohuko Maine, kutibu. Mwaka 1862 akaja mama mmoja hoi, Mary Patterson, ambaye baadaye akiitwa Mary Baker Eddy alianzisha Christian Science, dhehebu linalofundisha kuponya kwa sala. Kama aliyachota mafundisho kwa Quimby au la, wafuasi wao walivutana miaka mingi. Maandishi ya Quimby, aliyefariki Januari 1866, yalikuja kuchapishwa kitabu mwaka 1921.