Ukibeba kisu Uingereza, ujue utajitetea vipi

Mimi ni mpishi hapa Uingereza, na visu ninavyotumia jikoni ni vyangu. Naenda navyo kazini, narudi navyo. Vijana tunaofanya kazi pamoja huniuliza: polisi wakinisimamisha nikiwa na kisu, nitasema nini? Mimi si wakili, ila jambo hili nimelifuatilia kwa sababu linanigusa kila siku.

Kwa England na Wales, sheria ya kuanzia ni ya Haki ya Jinai ya mwaka 1988, kifungu cha 139. Inakataza kuwa na kitu chenye makali au ncha mahali pa umma, isipokuwa kisu kidogo cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3. Wengi huponzwa hapo. Kisu cha kukunja ambacho kikifunguka kinajikaza, hadi ubonyeze kitu ndipo kikunjike, mahakama hazikihesabu kuwa cha kukunja hata kiwe kifupi namna gani. Hilo limeamuliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ukikutwa na kisu kingine, mzigo wa kujitetea unahamia kwako. Wewe ndiye utakayeonyesha kwamba yaelekea zaidi kuwa kweli kuliko uongo kuwa ulikuwa na sababu nzuri. Sheria imetaja tatu waziwazi: kazi, dini (kama kirpan, kisu cha kidini cha Masingasinga) na vazi la kitaifa. Sababu nyingine, mfano kisu kipya unachokipeleka nyumbani kutoka dukani, mahakama itaipima yenyewe.

Na sababu lazima ilingane na saa na mahali. Mpishi anayetoka zamu usiku, visu vimefungwa kwenye mkoba wake, ana la kusema. Mpishi huyohuyo akiwa baa siku ya mapumziko, kisu kikiwa kwenye koti, kazi yake haimsaidii tena. Kusema tu "nilisahau kwamba ninacho" hakutoshi. Kukiacha kwenye gari lililo barabarani nako hakukuokoi, maana bado kinahesabiwa kuwa mahali pa umma.

Linaloniuma zaidi ni neno "najilinda". Nimelisikia kwa vijana wazuri kabisa, wasio na ugomvi na mtu. Hofu ya jumla kwamba mtaa ni mbaya haikubaliki kuwa sababu nzuri. Mlango wa kujitetea kwa neno hilo ni mwembamba sana, kwa mtu anayekabiliwa na shambulio lililo karibu kweli. Tena ukisema umekibeba ili umchome atakayekuvamia, umekiri kuwa ni silaha. Hapo inaingia Sheria ya Kuzuia Uhalifu ya 1953, na hata kile kidogo cha inchi 3 hakikuokoi. Adhabu ya juu ni kifungo cha miaka 4. Wadogo zangu, kiacheni nyumbani.

Kama kisu ni cha kazi, kifunge vizuri, kiweke mahali usipoweza kukichomoa haraka, na uwe na ratiba ya zamu au barua ya mwajiri kwenye simu. Ukikamatwa, omba wakili kabla ya kuhojiwa. Kituoni ni bure. Mweleze yote, maana sababu usiyoitaja polisi wanapokuhoji, halafu ukaja kuitegemea mahakamani, inaweza kuhesabiwa dhidi yako.