Kupita kwenye hifadhi ya bahari bila kibali: mipaka yake

Mwenzetu ameuliza kama chombo kinaweza kukatiza hifadhi ya bahari bila kibali. Mara nyingi kinaweza, ila unachoruhusiwa ni kupita tu. Ukishusha nanga ili watu wapige mbizi, wewe si mpitaji tena.

Kwa chombo cha kigeni kwenye maji ya nchi nyingine, msingi ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982. Kifungu cha 18 kinataka safari iwe ya mfululizo na bila kukawia. Kusimama kunakubalika ukikumbwa na hatari, au ukienda kuokoa walio hatarini. Kifungu cha 19 kinasema ukivua au ukifanya utafiti, haki hiyo ya kupita imekwisha.

Kila hifadhi huongeza masharti yake. Papahānaumokuākea, huko Hawaii, mpitaji haombi kibali, lakini kwa kawaida hutoa taarifa angalau saa 72 kabla ya kuingia, na tena ndani ya saa 12 baada ya kutoka. Great Barrier Reef, hifadhi ya matumbawe ya Australia, hutumia rangi kwenye ramani: ukanda wa kijani unaingia, unaogelea, lakini huvui, ule wa waridi huingii bila ruhusa ya maandishi, isipokuwa kwa dharura. Kwa hiyo soma ramani ya kanda, usiishie kwenye mpaka wa nje.

Wengi hukwama kwenye zana za uvuvi. Mshipi uliobaki na ndoano na chambo pembeni mwa chombo unatosha kukutia matatani, hata kama hujagusa samaki. Kabla ya kuvuka mpaka toa chambo, fungua ndoano, kunja mishipi, funga nyavu chini ya sitaha.

Dharura nayo ina utaratibu. Toa taarifa kwa redio ya VHF, chaneli 16, mapema iwezekanavyo. Ukilazimika kutia nanga, tafuta mchanga. Mnyororo ukizunguka na upepo juu ya matumbawe huyasaga. Andika kwenye kitabu cha safari saa, mahali ulipo kwa GPS, hali ya hewa na hitilafu yenyewe, palepale, maana maelezo yaliyoandikwa baada ya kukamatwa huwa na uzito mdogo. Na dharura ikiisha, ondoka. Injini ikishatengenezwa na bahari ikatulia, kulala pale usiku mmoja zaidi kunahitaji kibali kama kwa mtu mwingine yeyote.