Leseni ya kuvua samaki ugenini: majibu ya maswali yenu

Nimehamia Leeds na nimeshalipia leseni ya kuvua kwa ndoana. Naweza kuvua ziwa lolote?

Hapana, ndugu. Leseni hiyo inakuruhusu kutumia fimbo ya kuvulia samaki wa maji baridi England na Wales, lakini haikuingizi kwenye maji ya mtu. Maziwa mengi na sehemu kubwa ya mito huko vina wenyewe, iwe klabu au mwenye shamba, na kibali chao unakitafuta mbali na leseni. Kama una watoto, kumbuka kwamba sharti hili huanza miaka 13. Wenye miaka 13 hadi 16 hupewa leseni bure, ila ni lazima waichukue. Ukikamatwa huna, faini inaweza kufika pauni 2,500.

Ujerumani naambiwa nifanye mtihani kwanza. Mtihani wa kuvua samaki, kweli?

Kweli kabisa, na mimi nauunga mkono. Katika majimbo mengi hupati leseni bila kufaulu. Unaulizwa aina za samaki, sheria, zana, na namna ya kumuua samaki bila kumtesa: kwanza anapigwa kichwani azimie, ndipo anachinjwa. Ukishafaulu bado unahitaji kibali cha mto au ziwa lenyewe. Mgeni wa muda mfupi asikate tamaa, kwani jimbo la Mecklenburg-Vorpommern lina leseni ya watalii ya siku 28 isiyodai mtihani.

Jambo linalowanasa wageni wengi ni hili: sheria ya Ujerumani inakataza kumuumiza mnyama bila sababu ya msingi, na sababu inayokubalika kwa mvuvi ni kitoweo. Kwa hiyo kwenda kuvua kwa nia ya kupiga picha na kumrudisha samaki majini kunaweza kukufikisha mahakamani. Lakini aliye chini ya kipimo, au aliye katika msimu uliofungwa, huyo lazima umwachie.

Nina leseni ya Texas. Wikiendi nakwenda Louisiana, nitahitaji nyingine?

Ndiyo. Marekani kila jimbo lina leseni yake, na asiye mkazi kwa kawaida hulipa zaidi. Ardhi za makabila ya wenyeji nazo zina vibali vyao. Tena usivushe mpaka wa jimbo samaki uliovua kinyume cha sheria: tangu mwaka 1900 ipo sheria ya nchi nzima, Lacey Act, na kosa dogo la jimbo linaweza kugeuka kosa la shirikisho.

New Zealand baharini hakuna leseni. Basi navua nitakavyo?

Kutodaiwa leseni hakuondoi sheria. Kuna idadi ya mwisho kwa siku na urefu wa chini kwa aina nyingi za samaki. Nunua rula ya kupimia, mlaze samaki juu yake, upime kutoka puani hadi katikati ya panda ya mkia, siyo hadi nchani. Akipungua, mrudishe hapo hapo. Mtoni na maziwani leseni inahitajika kwa samaki kama trauti na samoni.

Nikivua wengi, naweza kuwauzia majirani?

Huko New Zealand, hapana, hata kubadilishana kwa kitu kingine ni kosa. Wagawie bure.