Kabla Hujarudi Kwenye Kamera ya Mkanda

Wewe uliyeiweka kando kamera ya mkanda (filamu) zama za dijitali zilipoingia na sasa unataka kuirudia, usikimbilie kununua mkanda. Ujuzi utarudi wenyewe. Kinachohitaji kukaguliwa ni kamera, maana nayo imezeeka.

Fungua mgongo wake. Ile sponji nyeusi kwenye kingo za mlango, inayozuia mwanga usipenye, huoza hata kamera ikikaa kabatini bila kuguswa. Iguse kwa kijiti. Ikinata kama ulimbo, ikwangue yote taratibu, chembe zisiangukie pazia la shata, lile linalofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye mkanda, kisha ubandike mpya. Mgongo ukiwa bado wazi, fyatua kwa sekunde 1 na usikilize. Grisi ikikauka, sekunde hiyo hurefuka au pazia hukwama. Kasi ya 1/125 ya sekunde mara nyingi huwa bado nzima, kwa hiyo usiitupe kamera, itakufaa mchana.

Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitegemea betri za zebaki za volti 1.35, ambazo hazitengenezwi tena. Ukitia ya volti 1.5, kipimamwanga kitaamka vizuri tu, ila huenda kikakudanganya. Kipime kwa kanuni ya wazee: jua kali, tundu la lenzi f/16, kasi iliyo karibu na ISO ya mkanda, yaani namba ya wepesi wake wa kunasa mwanga. ISO 100, basi 1/125. Ukiwa na shaka, zidisha mwanga kidogo, kwani mkanda wa negativu huvumilia kuzidishiwa kuliko kupunjwa. Mkanda wa slaidi, unaotoa picha yenye rangi halisi moja kwa moja, haukubali mchezo huo.

Mkanda wa Kodachrome, ule wa slaidi za rangi wa Kodak, uliosahaulika kwenye droo usiutegemee kwa rangi; maabara ya mwisho duniani kuusafisha, huko Kansas, iliacha kuupokea mwishoni mwa 2010.

Halafu macho, jambo tusilopenda kulisema. Wengi hulaumu lenzi bure. Kitundu cha kutazamia cha kamera nyingi za SLR (zile unazotazama kupitia lenzi yenyewe kwa msaada wa kioo) kimepangwa kana kwamba unatazama kitu kilicho umbali wa kama mita 1, hivyo miwani ya kusomea haisaidii sana. Lenga ukingo wa mlango. Kama mistari ya ukingo huo, inayokatika katikati ya kitundu hadi ulenge sawasawa, haikutani waziwazi, tafuta kioo cha kurekebisha macho kinachofungwa kwenye kitundu hicho.

Sasa pakia mkanda. Kaza ulegevu kwa kile kirungu cha kurudishia, kisha sogeza picha moja. Kirungu kikizunguka chenyewe, mkanda unatembea. Kisipozunguka, fungua upakie upya, la sivyo utafyatua mara 36 hewani.