Uliza Fundi: Jimny ya kuinuliwa, usukani unaotetema na difu lenye maji

Swali: Nina Suzuki Jimny ya 2008, tairi 205/70R15. Nataka kuiinua inchi mbili hapa hapa nyumbani ili nifike Engare Sero bila kugonga chini. Fundi wa mtaani anashauri tupachike mipira katikati ya koili kwa kuwa ni rahisi. Tena, tairi 235/75R15 zitaingia?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Jibu: Mipira iache. Koili hugawa mzigo kwenye mizunguko yake yote. Ukiifunga miwili, iliyobaki inabeba kila kitu na mmoja wao hukatika, kwa kawaida mbali na gereji.

Halafu jua kwanza ni nini kinachoinuka. Koili ndefu huinua bodi na chasi. Difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, ambalo ndilo hukutana na mawe kwenye makorongo ya njia ya Engaruka, linabaki pale pale. Linaloinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya tofauti ya kimo. 205/70R15 ina kimo cha milimita 668 hivi, 215/75R15 ina 704, na 235/75R15 ina 734. Hiyo kubwa itakupa milimita 33 chini ya difu, lakini itahitaji gari liinuliwe na pengine plastiki za bampa zikatwe. Gia nazo zitakuwa nzito kwa karibu asilimia 10: injini ya 1.3 itaomba gia ya chini mapema mlimani, na spidomita ikisoma 80 wewe unakwenda 88. Sisi tungefunga 215/75R15, ambayo mara nyingi huingia bila kuinua chochote, ingawa inaweza kukwaruza kidogo ukikata kona hadi mwisho.

Ukiamua kuinua, nunua koili na shokapu kwa pamoja. Koili ndefu na shokapu za zamani maana yake gurudumu likining'inia shimoni, shokapu ndiyo inayolizuia, na inang'oka kwenye kishikio chake.

Siku moja kabla, pulizia boliti zote dawa ya kutu. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne, uandike. Weka vizuizi kwenye tairi za nyuma, inua mbele, kisha kalisha chasi juu ya stendi mbili. Kama uwanja ni udongo, tanguliza vipande vya mbao nene chini yake. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu. Jeki ibaki chini ya ekseli. Fungua shokapu chini, viungo vya stabilaiza (fimbo inayopunguza gari kulalia upande kwenye kona), na upande mmoja wa panadi, ile fimbo inayotoka kwenye chasi kwenda ekseli upande wa pili. Shusha ekseli polepole huku mwenzako akiangalia mpira wa breki na waya wa ABS. Ikivutika, simama ufungue vishikio vyake. Ekseli isining'inie kwenye mpira wa breki hata dakika moja. Toa koili, ingiza mpya, ncha yake ikae kwenye kikombe chake.

Sasa pale wengi wanapoharibu: boliti zinazopita kwenye bushi, yaani viungo vya raba, zikaze kwa mkono tu. Shusha gari, lisukume juu na chini mara kadhaa, ndipo ukaze kabisa likiwa limesimama kwa tairi zake. Ukikaza likiwa hewani, raba ya bushi hujisokota gari linaposhuka, na huchanika mapema. Rudia kukaza baada ya kilomita 100 hivi. Taa za mbele nazo zitakuwa zinamulika juu, zishushe.

Swali: Jimny yangu imeinuliwa inchi mbili. Ikifika kilomita 60 hadi 80 kwa saa usukani unatetemeka, na baada ya kona haurudi wenyewe. Ninunue dampa mpya (shokapu ya usukani)?
*Msomaji, Moshi*

Jibu: Dampa itaficha ugonjwa. Usukani kutorudi ni kasta iliyopungua, yaani mlalo wa kurudi nyuma wa mhimili ambao magurudumu ya mbele hugeukia, kwa sababu ekseli ilijipindua kidogo gari lilipoinuka. Dawa ni bushi maalumu za mikono inayoshika ekseli ya mbele, ambazo tundu lake liko pembeni. Zinaingizwa kwa presi, na alama yake ifuatwe kama karatasi inavyosema: zikigeuzwa, kasta inapungua zaidi. Mtetemo anza nao kwenye balansi ya magurudumu. Kisha gari likiwa chini na injini inaunguruma, mtu azungushe usukani kidogo kushoto na kulia nawe utazame ncha za panadi. Ikicheza hata kidogo, badili bushi. Zikiwa nzima, angalia beringi za kingpini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia.

Swali: Baada ya kuvuka maji mara kadhaa, mafuta ya difu la nyuma yamekuwa meupe. Sili zilibadilishwa, ikajirudia.
*Msomaji, Boma Ng'ombe*

Jibu: Angalia pumzi ya difu, kile kikofia kidogo cha kupitishia hewa juu ya ekseli. Difu la moto likizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea. Pumzi ikiwa imeziba kwa tope, difu hufyonza maji kupitia sili, hata zikiwa mpya. Ing'oe, funga mpira wa mafuta wa gari wenye klipu, uupandishe hadi juu ya chasi, ncha yake iangalie chini na iwe na chujio dogo. Acha ulegevu wa kutosha, ekseli ikishuka usichomoke. Mwaga mafuta yote, weka mapya, endesha kilomita chache, uyamwage tena kabla ya kujaza ya kudumu.