Masweta 40 yaliyorudi na basi

Juzi jioni binti mmoja wa Makambako aliniandikia. "Shikamoo dada. Nimefuma sweta la mdoli, nimechukua vipimo vya sweta la mtoto wa mwaka mmoja nikavigawanya. Mbona limekaa kama gunia?" Akaambatanisha picha. Niliikuza kwenye simu mpaka nikahesabu vitanzi. Kiwiliwili kimevimba, kola imesimama mbali na shingo, na mikono ya sweta ni migumu kiasi kwamba mdoli amebaki ameinyoosha pembeni, haishuki. Sweta hilo nalijua. Nimelifuma mwenyewe, tena si mara moja.

Nikamwambia, mdogo wangu, nitakujibu hapa ili na wengine wasome, maana swali hili hunijia kila baridi ya Juni inapoanza na watu wanapotoa sindano kabatini.

Mimi nimekulia Uyole, Mbeya, kwenye nyumba yenye mashine ya kufumia. Mama alifuma masweta ya shule, na kuanzia Novemba mpaka Januari sebule yetu ilijaa uzi wa bluu bahari na wa kijani. Mabaki yalikuwa yangu. Mdoli wangu wa kwanza alikuwa gunzi la mahindi, kama wasichana wote wa mtaani kwetu, na ukibahatika kupata hindi bichi lenye ndevu nzuri unamwachia nywele na kuzisuka. Wenzangu waliwafunga magunzi yao vipande vya kanga. Mimi langu lilivaa sweta. Sindano alinitengenezea kaka kwa spoki mbili za baiskeli: alikata ile sehemu yenye hesi, akainoa kwenye jiwe, akamalizia na msasa mpaka ikateleza kwenye uzi. Kichwa cha spoki kilichopinda kilibaki upande wa pili, na hicho ndicho kinachozuia vitanzi visidondoke. Naandika haya kwa sababu mpaka leo watu huniuliza nimeagiza wapi sindano nyembamba. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2, na milimita 2 ndiyo sindano ya mdoli. Nenda kwa fundi baiskeli.

Miaka ya kati naiacha. Niliolewa, nikafuma masweta ya watu, nikapata binti. Binti yangu ndiye aliyenirudisha. Nilimnunulia mdoli wa Barbie wa mtumba pale sokoni Mwanjelwa, uchi kabisa, akaniambia, "Mama, huyu atapata baridi." Nikachukua uzi wa sweta la shule na sindano zangu za kawaida. Kilichotoka ndicho hiki cha picha ya Makambako.

Hapa ndipo kosa lenyewe lilipo, na naomba ulielewe vizuri. Barbie alioneshwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Machi 1959. Ruth Handler na wenzake wa Mattel, kampuni ya Marekani inayomtengeneza, walimpa urefu wa sentimita 29 hivi, yaani karibu moja ya sita ya mtu mzima. Mwili umepunguzwa mara sita. Uzi wako haujapunguzwa. Uzi wa sweta la shule una unene wa milimita 2 hivi. Uzidishe mara sita: milimita 12. Ukimvika mdoli sweta la uzi huo ni sawa na wewe kuvaa sweta lililofumwa kwa kamba ya kufungia ng'ombe. Haliwezi kulala mwilini. Kugawanya vipimo hakusaidii kitu ikiwa uzi umebaki uleule.

Dawa yake ni uzi mwembamba, na madukani kwetu haupatikani kila siku. Mimi naupata kwenye mitumba. Natafuta masweta ya kike yaliyofumwa laini, nayafumua. Kabla hujalipa, geuza sweta ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo umekatwa na kupigwa ovaloki, liache, maana kila mstari umekatwa pembeni na utapata vipande vifupi tu. Ukiona kingo mbili nzima zimeunganishwa kwa uzi unaofanana na mnyororo, hilo ni lako: kata kitanzi kimoja cha mwisho, vuta, mshono wote unafunguka. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunjakunja kama tambi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, ufue kwa maji ya uvuguvugu, uuanike ukining'inia na chupa ya maji kwa chini. Kesho yake umenyooka. Na kama uzi wako ni mnene lakini umesokotwa kwa nyuzi nne, utenganishe mbilimbili. Ni kazi ya kuchosha, lakini inawezekana.

Basi nikajifunza hayo, nikawa hodari. Nasema hodari bila kuona haya. Masweta yangu yalilala mwilini, kola zikakaa, na nikaanza kuyaweka kwenye simu. Ndipo akaja mteja wa Dar es Salaam, mwenye duka la vitu vya watoto. Akataka seti 40 za sweta, kofia na skafu, rangi nne, na malipo ni baada ya mzigo kufika. Nilifuma wiki tisa. Nilipima kwa mdoli wa binti yangu: kifua karibu sentimita 13, kiuno karibu 9. Nilikuwa na hakika. Nilizifunga seti kwenye mifuko midogo, nikaandika karatasi kwa mkono, nikapeleka boksi stendi mwenyewe na kulikabidhi kwa kondakta saa kumi na moja alfajiri, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Siku ya tatu simu ikaita. "Mama, hizi nguo hazifungi nyuma." Nikasema haiwezekani. Akanitumia video. Anavuta sweta langu jekundu, kingo mbili zimeachana mgongoni, kifungo na tundu lake havionani. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Ndiyo shida ya kazi za kienyeji." Boksi likarudi kwa basi lilelile. Nauli ya kurudi nililipa mimi.

Ilinichukua siku kadhaa kujua kilichotokea. Tangu mwaka 2016 Mattel wanatengeneza Barbie wa maumbo mengine: mrefu, mfupi, na mnene wa kiuno na nyonga, mbali na yule wa zamani. Mdoli wa binti yangu alikuwa wa zamani. Wa dukani kwake wengi walikuwa wale wanene. Mimi sikuuliza, yeye hakusema. Ni kweli angeweza kuniambia, na ni kweli angeweza kunilipa hata nusu. Lakini kanda ya kupimia ilikuwa mkononi mwangu, na hilo limeniuma kuliko lile neno lake.

Kwa mdoli huwezi kujificha. Chukua hesabu hii. Sweta la mtu mzima, kifua sentimita 90, uzi wa kawaida, unapata kama vitanzi 22 katika sentimita 10. Ukikosea vitanzi 4, umekosea chini ya sentimita 2. Nani ataona? Kwa mdoli, uzi mwembamba na sindano ya milimita 2, mimi napata vitanzi 34 katika sentimita 10. Kosa la vitanzi vilevile 4 ni zaidi ya sentimita 1, na kifua chote ni 13. Ndiyo maana nasema pima. Pima mdoli mwenyewe, si picha yake, si ndugu yake. Kifua, kiuno, nyonga, shingo, na mkono kutoka begani hadi kifundoni. Halafu fuma kipande cha majaribio cha sentimita 5 kwa 5, uhesabu vitanzi, ndipo uzidishe. Dada zangu wengi wanaruka kipande hicho kwa sababu wanaona kinapoteza uzi. Mimi nilipoteza wiki tisa.

Na shingo. Kichwa cha mdoli ni kikubwa kuliko shingo yake na hakipiti. Sweta la mdoli lifunguke nyuma lote, kuanzia juu hadi chini, lifungwe kwa kifungo kidogo au bizimu. Kidole gumba chake nacho hunasa kwenye vitanzi na kuvuta uzi. Mfunike kiganja kwa kipande cha mfuko laini wa plastiki unapomvisha, mkono wa sweta utateleza. Mfundishe na mteja wako afanye hivyo. Jambo moja sitaki ulichukulie kwa urahisi: kama mnunuzi ana mtoto wa chini ya miaka mitatu, usiweke vifungo wala shanga. Mtoto huweka kila kitu mdomoni. Funga kwa kamba fupi ya uzi uleule, iliyoshonewa imara.

Baada ya boksi kurudi sikufuma kwa miezi minne. Kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nilikokopa kwa ajili ya kazi ile, mama mmoja alisema mbele ya wote, "Mama mzima, mkopo umekwenda kwenye midoli." Wakacheka. Nilirejesha mkopo ule kwa kufuma masweta ya shule, kila shilingi, na hakuna aliyesema neno siku nilipomaliza. Kama unasoma hapa na wewe umeambiwa hivyo, nisikilize. Mtu anayefuma mkono wa sweta wenye upana wa kidole ana ustadi kuliko anayefuma blanketi. Usikubali kazi yako iitwe mchezo kwa sababu anayeitumia ni mtoto. Na usiuze kwa huruma. Sweta moja la mdoli hunichukua saa tatu na nusu. Ukiliuza shilingi elfu moja kwa kuwa ni dogo, umejidharau wewe kabla hawajakudharau wao. Bei inafuata saa, haifuati ukubwa. Hili nitalirudia kila mwaka mpaka lieleweke.

Agosti iliyopita nilipata nafasi ya meza ndogo kwenye Nanenane, viwanja vya John Mwakangale. Nilikuwa na midoli mitatu tu ya kuvalisha, na nguo nyingi. Wiki chache kabla ya siku ya kwanza nikakumbuka magunzi. Nikachagua kumi na mawili yaliyonyooka, nikayapima moja moja kwa kanda, nikayafumia masweta na kofia, mawili nikayabeba mgongoni mwa midoli kwa mbeleko za kitenge. Nikayasimamisha mezani kwenye vizibo vya chupa.

Sikuita mtu. Bibi mmoja aliyetoka Tukuyu, na kapu lake la ndizi, alisimama akaangalia muda mrefu. Akanyoosha mkono akashika gunzi lenye sweta la bluu bahari, akaligeuza, akafungua kifungo cha nyuma kwa ukucha, akakifunga tena. "Nani kakufundisha?" Nikamwambia mama yangu. Akaita wajukuu zake. Baada ya hapo meza haikupumua. Wazazi walikuja na midoli ya nyumbani siku ya pili na ya tatu, mirefu, minene, mingine ya plastiki isiyo na jina, na mimi nilipima kila mmoja mbele ya mwenyewe na kuandika kwenye daftari. Sweta elfu tano, seti nzima elfu kumi na mbili, na hakuna aliyeniambia nipunguze zaidi ya mara moja. Daftari lile sasa lina kurasa 19 za vipimo, na ndilo ninalolifungua kabla ya kugusa uzi. Nilimtumia picha ya meza yule mteja wa Dar. Aliiona. Hakujibu.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Makambako: fumua hilo sweta leo. Usilihurumie. Tenganisha uzi, tafuta spoki mbili, mpime mdoli sehemu tano nilizokutajia, unitumie namba nami nitakuhesabia vitanzi vya kuanzia. Ukikosea tena, fumua tena.

Yale 40 mimi nimeyafumua karibu yote, na uzi wake ndio uliovaliwa na magunzi. Yamebaki mawili mekundu kwenye bati la biskuti juu ya kabati. Jana binti yangu ameniuliza kama anaweza kuchukua uzi wake afume skafu. Nimemwambia achukue moja.