Mashine ya darizi ya nyumbani: anza na ukubwa wa fremu, mengine yanafuata

Dada uliyeuliza, nimekusoma hivi: una milioni mbili na nusu, cherehani ya kawaida unayo tayari, unataka kudarizi nyumbani, yaani kanzu, shuka za maharusi na majina kwenye mablanketi ya watoto, na dukani wamekuonyesha mashine inayoshona na kudarizi humohumo, fremu yake sentimita 10 kwa 10, ina maua mengi ndani, sasa unauliza uchukue au usubiri. Mimi niko Tanga, kazi hii nafanya nyumbani mwaka wa saba sasa, na nilianza na mashine ya aina hiyohiyo, kwahiyo ngoja nikueleze kwa kirefu maana mimi hakuna aliyenieleza.

Usiichukue hiyo. Sio mbaya, ni ndogo kwa kazi uliyoitaja.

Kitu cha kwanza kuangalia kwenye mashine ya darizi ni fremu, ile ringi inayobana kitambaa. Ukubwa wake ndio mpaka wa kazi zako zote na hauongezeki kamwe. Programu utabadilisha, uzi utabadilisha, stendi utanunua nyingine, lakini mkono wa mashine ukiwa umetengenezwa kutembea sm 10 basi ni sm 10 mpaka unaiuza. Sasa chukua kanzu. Ile darizi ya kifuani inayoshuka kutoka shingoni, kwa mtu mzima inafika sm 28, wengine wanataka 30. Kwa fremu ya 10 kwa 10 inabidi ubane kitambaa mara tatu, kila mara ufungue, usogeze, ulinganishe mstari upya, na ukikosea milimita mbili tu ile mara ya pili mteja anaiona akiwa bado mlangoni. Mwaka wangu wa kwanza kabla ya Idi nilipokea kanzu tisa, nikaharibu mbili, nikanunua kitambaa kingine kwa hela yangu na nikakesha. Kwa fremu ya 13 kwa 18 hiyohiyo kazi ni mara mbili, na kwa 18 kwa 30 unabana mara moja tu unaenda kupika.

Jina nalo hivohivo. Mtu anakuletea blanketi anataka Abdulrahman, herufi 11. Ndani ya sm 10 kila herufi inapata chini ya sentimita moja kwa upana, na kwenye blanketi lenye manyoya zinazama hazisomeki vizuri. Kwenye sm 18 jina linapumua.

Halafu kuna mtego mmoja nakuomba usiingie. Muuzaji atakwambia hii ya 10 kwa 10 inakubali pia fremu ndefu ya 10 kwa 17. Ni kweli fremu hiyo ipo na inaingia, lakini mashine bado inadarizi eneo la 10 kwa 10 kwa wakati mmoja, ile fremu ina sehemu tatu za kuipachika, unachomoa unashusha unapachika tena, na dizaini yako lazima uwe umeikata vipande kwenye kompyuta. Mimi niliinunua nikidhani nimepata mashine kubwa kwa bei ndogo. Inasaidia kidogo kwa mistari mirefu, ila sio kile ulichofikiria.

Kwahiyo kwa kazi zako mimi nasema 13 kwa 18 ndio pa kuanzia. Kwa upande wa kampuni ya Brother utaona mashine ya PE535 ni 10 kwa 10, PE800 ni 13 kwa 18, Innov-is V3 inafika 18 kwa 30. Janome wana Memory Craft 400E ambayo ni 20 kwa 20 na 500E ya 20 kwa 28. Sikwambii chukua kampuni hii acha ile, nakupa vipimo ukienda dukani usibabaishwe na majina.

Na ukitaka siku moja kufanya kofia, jua mapema kwamba hizi za nyumbani zinadarizi kitambaa kikiwa kimelala. Kofia iliyokwisha shonwa haiingii. Unadarizi vipande kabla ya kuunganisha, na ule mzunguko wa ubavuni kwa kichwa cha sm 57 ni kubana mara sita kwa fremu ya 10, mara nne kwa 18, mara mbili kwa 30. (Kofia zile za vitobo zinazoshonwa kwa mkono ni habari nyingine kabisa, mama yangu mkubwa anazishona mpaka leo na hakuna mashine nimeiona inafikia vile vitobo vyake, hao waacheni na kazi yao na muwalipe vizuri.)

Sasa kuhusu ile ya kushona na kudarizi pamoja. Kwa mtu asiye na cherehani kabisa ina maana. Wewe unayo. Ukiwa na mashine moja inayofanya yote, wakati inadarizi shuka saa nzima huwezi kupinda hata pindo la sketi, unakaa unaiangalia. Na hela uliyolipia upande wa kushona ingekuongezea fremu. Nunua ya kudarizi tu, cherehani lako liendelee kushona pembeni, hapo ndio utaona kazi inavyokimbia.

Umeme. Hapa naomba usome polepole. Kaka yangu alinitumia mashine nzuri sana kutoka Marekani, zawadi, nikaipokea kwa furaha nikaichomeka ukutani. Za kule zimetengenezwa kwa volti 120, huku kwetu ni 230. Ilitoa harufu, ikazima, bodi ya umeme ikawa imeungua, na sikuwa hata nimedarizi ua moja. Nililia jamani. Kwahiyo kabla hujalipa geuza mashine usome kibandiko karibu na pa kuchomeka waya, kama kimeandikwa 120V utahitaji transfoma ya kushusha umeme na uitumie siku zote, kila mtu wa nyumbani ajue. Za Japan za ndani kwao ni volti 100. Zinazotoka Dubai na Oman ni za 220 hadi 240, unachomeka tu, na hii ninayotumia sasa dada yangu aliniletea kutoka Muscat, imetumika lakini safi.

Umeme kukatika nao upo. Tafuta mashine yenye kukumbuka ilipoishia, yaani umeme ukirudi inakuuliza uendelee pale au ufute. Nyingi zinayo siku hizi lakini uliza na ujaribu, chomoa waya katikati ya kazi muuzaji akiwa anaona. Na hata kama inakumbuka, usitoe kitambaa kwenye fremu, acha kilivyo mpaka umeme urudi. Mashine hizi hazili umeme mwingi, nyingi ni chini ya wati 100, kwahiyo ile UPS ndogo ya kompyuta, yaani kile kiboksi chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, inatosha kukupa muda wa kumaliza rangi uliyomo au kusimamisha vizuri. Na weka stabilaiza kama mtaani kwenu umeme unapanda na kushuka. Hapohapo nikuonye, kwenye video za nje ukisikia wanasema stabilaiza wanamaanisha karatasi ya kuweka nyuma ya kitambaa, sio ile ya umeme, mimi nilichanganyikiwa wiki nzima.

Hiyo karatasi ya nyuma sio ya hiari. Kitambaa kigumu cha kanzu au pamba ya shuka weka ile ya kuchana, ukimaliza unaichana inatoka. Tisheti na kitu chochote kinachovutika weka ile ya kukata kwa mkasi, inabaki ndani, usiichane, ukichana nguo ikifuliwa mara mbili darizi inajikunja. Taulo na blanketi la manyoya ongeza juu yake ile nailoni inayoyeyuka kwenye maji ili manyoya yasichomoze katikati ya herufi. Watu wanabania hapo wanatumia gazeti au gamstafu, ile ya kukazia kola, kisha wanasema mashine mbovu.

Vipengele vingine vya mashine, nikivipanga kwa faida niliyoiona mimi mwenyewe. Kukata uzi unaoruka, hiki ni cha juu sana. Mashine inapotoka herufi moja kwenda nyingine inaburuza uzi juu ya kitambaa, kama haikati yenyewe utakata kwa mkasi mdogo kila pengo, na lile jina la herufi 11 lina mapengo 10, ukiwa na mablanketi 20 ya wateja ni mikato 200 na macho yanauma. Angalia hapa vizuri kwasababu nyingi zinasema zinakata uzi kumbe zinakata mwisho wa rangi tu, ile miruko ndani ya rangi zinaiacha. Uliza maswali mawili tofauti.

Tundu la flashi ni lazima. Mashine za zamani zilizotumika zinauzwa rahisi kwasababu zinasoma kadi ambazo huzipati tena, achana nazo hata kama bei inakuvuta. Brother inasoma faili za PES, Janome JEF, na zile za DST ni za mashine kubwa za kiwandani ila Brother nazo zinazisoma. DST ukiifungua rangi zinakuja za ajabu usiogope, lile faili halibebi rangi halisi, linabeba mishono na mahali pa kusimama, rangi unapanga wewe kwa uzi wako.

Maua ya ndani usiyahesabu. Wanakusifia 80, mara 138, mimi katika hayo sijui kama nimewahi kutumia sita. Wateja wanakuja na picha zao kwenye simu. Hesabu aina za herufi, maana majina ndio chakula cha kila siku. Dizaini za kanzu utanunua au utatengeneza mwenyewe, ipo programu ya bure inaitwa Ink/Stitch inafanya kazi ndani ya programu ya kuchorea ya Inkscape, ni ngumu miezi miwili ya kwanza lakini hailipiwi na mimi ndiyo iliyonitoa kwenye kununua faili. Na usipanue dizaini kwenye skrini ya mashine zaidi ya asilimia 10 au 20, mashine nyingi zinasambaza mishono ileile na kitambaa kinaonekana kati.

Spidi inasemwa sana kuliko faida yake. PE535 ni mishono 400 kwa dakika, PE800 ni 650, Janome 400E inafika 860. Dizaini ya mishono 12,000 kwa hesabu tu ni dakika 30, au 18 na ushee, au 14. Lakini zote hizi zina sindano moja, kila rangi inasimama unabadilisha uzi kwa mkono, ukiwa na ua la rangi nane muda wako unaliwa hapo sio kwenye spidi. Ndio maana kanzu za rangi moja zinalipa vizuri kwa mashine ya nyumbani. Na uzi wa dhahabu wala hutaki spidi, punguza mpaka chini, weka sindano ya 90 badala ya 75 na ulegeze mvuto wa uzi wa juu, la sivyo unakatika kila dakika.

Sindano usinunue kwa mazoea. Mashine hizi zinataka ile yenye ubapa upande mmoja juu, zile za mviringo za mashine za kiwandani zilizojaa madukani hazikai. Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, vilevile, hata ikionekana sawa kwa macho urefu unaweza kutofautiana kidogo, Brother wanataka za plastiki za milimita 11.5, nenda na yako mkononi ulinganishe. Uzi wa chini ni mwembamba maalum, ukiweka uzi wa kushonea wa kawaida darizi inakuwa nene na ngumu.

Hela yako kwa mashine mpya ya 13 kwa 18 inaweza isitoshe ukijumlisha karatasi, nyuzi na UPS, kwahiyo mimi ningesubiri kidogo nitafute iliyotumika ya volti 240. Ukienda kuikagua nenda na kitambaa chako na flashi yenye dizaini mbili, duara lililojazwa lenye mstari wa pembeni, na jina lenye herufi nene. Iwashe, usikilize mkono wa fremu unavyojipanga, usigonge wala kukwaruza. Mstari wa duara ukikaa pembeni ya mjazo badala ya kuufunika, na kitambaa ulikibana vizuri na karatasi ipo, mkono umechoka au mtu aliwahi kuibeba mashine kwa kushika huo mkono. Halafu geuza jina uangalie nyuma, uzi mweupe wa chini uonekane katikati ya kila herufi kama theluthi moja hivi, na uzi wa rangi pande mbili. Ukiona mweupe mtupu au rangi tupu mwambie arekebishe mvuto mbele yako, akishindwa usilipe siku hiyo.